Motokari Kuukuu na Buji Zake: Lini Tuzibadili?

Wenye motokari katika nchi yetu ya Kongo, walio wengi, hawakuzinunua zikiwa mpya. Zimevuka bahari toka Japani au Ulaya, zimepita mikono ya watu wawili watatu, ndipo zikafika Bukavu, Goma, Uvira au Lubumbashi. Motokari ya namna hii hulisha jamaa nzima: baba huchukua abiria, mama hupeleka mihogo sokoni, na karo ya watoto hutoka humo. Nayo ikisimama, chungu nacho husimama. Kwa hiyo yafaa tuzungumze juu ya kitu kidogo, chenye urefu wa kidole, ambacho mara nyingi ndicho huisimamisha: ile buji, ambayo ndugu zetu wa Tanzania na Kenya huiita plagi.

Swali letu ni moja: mwenye motokari kuukuu atajuaje kwamba saa ya kubadili buji imefika? Yuko mtu azibadiliye ovyo, kila mara injini inapokohoa. Yuko na yule asiyezigusa kabisa, mpaka motokari imzimikie mlimani pamoja na abiria wake. Wote wawili wapata hasara.

KAZI YA BUJI

Injini ya petroli, au esansi kama wengi wetu tusemavyo, hupata nguvu zake kwa moto. Pistoni hushuka ikivuta hewa iliyochanganyika na petroli, hupanda ikiibana, ndipo buji hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na pistoni husukumwa chini kwa nguvu, kisha hupanda tena na kutoa moshi. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila buji hutoa cheche 1,500 katika dakika hiyo, yaani 25 kwa kila sekunde. Ni kazi gani ya mwanadamu iwezayo kulinganishwa na hiyo?

Umeme wa betri, wenye volti 12 tu, hauwezi kuruka toka ncha moja ya buji hata ncha ya pili. Bobini huukuza mpaka ufikie volti 10,000, 20,000 na pengine zaidi. Nafasi iliyo kati ya ncha hizo ni ndogo: katika motokari nyingi ni kati ya milimita 0.7 na 1.1. Lakini kila cheche hula chembe ndogo mno ya madini ya ncha. Siku zikipita, nafasi hupanuka, na umeme huhitaji nguvu zaidi ili uivuke. Mwisho hushindwa, hasa injini inapobeba mzigo na kupanda, kwa maana hapo hewa iliyobanwa ndani ya silinda huwa nzito na cheche hupita kwa shida. Ndiyo sababu buji iliyochakaa hunyamaza katika tambarare, ikaja kutuaibisha mlimani.

Jambo moja tulikumbuke: injini ya dizeli haina buji za cheche. Mafuta yake huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa sana. Buji zake ni za kupasha joto tu, wakati wa kuwasha. Mashauri yafuatayo ni ya wenye injini za petroli.

KILOMETA NGAPI?

Buji za kawaida, zenye ncha za nikeli, hudumu kilometa 20,000 hata 40,000 hivi. Zile za platini au iridi huweza kufika 100,000. Sababu yake si siri: nikeli huyeyuka kwa joto la digrii 1,455, platini kwa digrii 1,768, na iridi kwa digrii 2,446. Madini yasiyoyeyuka upesi hayaliwi upesi. Kitabu cha motokari yenyewe ndicho kitoacho amri ya mwisho.

Hata hivyo, motokari kuukuu ina shida yake. Kitabu kimepotea, na hesabu ya kilometa mbele ya dereva pengine ilirudishwa nyuma na mwuzaji mwenye hila. Mnunuzi hajui kama buji zina mwaka mmoja au miaka kumi. Basi, asibahatishe. Azitoe, azitazame kwa macho yake, na kama hajui umri wake, atie mpya zote pamoja. Siku hiyo aandike katika daftari tarehe, kilometa na namna ya buji. Tangu hapo motokari yake ina historia.

INJINI IKILALAMIKA

Dalili ni hizi: injini yawaka kwa taabu asubuhi, yatetemeka inaposimama ikiwa inawaka, yashtuka-shtuka inapopanda, yanywa petroli kuliko zamani, na moshi wake wanuka petroli mbichi. Asiyejali dalili hizi hulipa mara mbili. Petroli isiyowaka huosha mafuta ya kulainisha katika kuta za silinda, na zile huanza kulika. Tena, ikifika katika bomba la moshi la motokari za siku hizi, huunguza chombo cha kusafishia moshi, na bei ya chombo hicho haifanani kabisa na bei ya buji nne.

Lakini tuwe na haki. Waya uliopasuka, bobini iliyochoka, kichungi cha hewa kilichojaa vumbi, pampu dhaifu ya petroli: vyote hivi huleta dalili zile zile. Kabla ya kuihukumu buji, sharti tuisikilize.

BUJI NI SHAHIDI

Fundi mwenye akili huzitoa buji zote, huzipanga mezani kwa taratibu ya silinda zao, kisha huzisoma kama barua.

Yenye rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni nzima. Kama nafasi yake haijapanuka na ncha zake zingali na pembe, irudishwe kazini.

Yenye masizi meusi makavu yatuambia kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa. Tazama kichungi cha hewa kwanza. Kwa motokari za zamani zenye kabureta, tukumbuke pia milima yetu. Ziwa Tanganyika liko juu ya bahari kwa mita 770 hivi, na Ziwa Kivu kwa mita 1,460. Kabureta iliyopimwa vema Uvira, ikifika Bukavu hukuta hewa nyepesi. Petroli huzidi, na buji huvaa masizi.

Iliyolowa mafuta meusi yatangaza ugonjwa mkubwa zaidi: mafuta ya injini yapenya kwa pete za pistoni au kwa valvu. Hapo ndipo wengi hukosea. Dereva husema, «Fundi, nitilie buji nyingine, hizi zimekufa.» Fundi mwaminifu hujibu, «Mzee, nikizitia mpya leo bila kuponya pete, mwezi ujao utanirudia na maneno hayo hayo.» Na amsikilize!

Nyeupe, yenye malengelenge au ncha zilizoyeyuka, imeteswa na joto kupita kiasi. Huenda hewa yazidi petroli, au cheche yatoka mapema mno, au buji yenyewe si ya injini ile. Kauri iliyopasuka nayo yaonyesha mapigo makali ndani ya silinda, au mkono wa fundi mwenye haraka. Petroli ya bidoni iuzwayo kando ya njia, ikiwa imechanganywa na mafuta ya taa, huleta masizi na mapigo hayo pia. Aliyeokoa faranga chache kwa mwuzaji huyo atazitapika kwa fundi.

SASA TUAMUE

Buji zikiwa zimemaliza kilometa zake, zibadili, hata kama injini haijalalamika. Ncha zikiwa zimeviringika au kauri imepasuka, zibadili leo. Moja ikiwa imechakaa kwa umri, badili zote, kwa maana zimefanya kazi sawa. Lakini moja tu ikiwa nyeusi au imelowa, nazo nyingine ni safi, tafuta kwanza ugonjwa wa silinda ile.

Unaponunua, taja namba kamili ya buji, si sura yake tu. Buji za kuigiza zimejaa masokoni, zikivaa majina makubwa kama NGK, Denso au Bosch. Maandishi yaliyofifia, nyuzi za parafujo zilizokatwa vibaya na bei ndogo ya ajabu ni alama za kutia shaka.

Zitolewe injini ikiwa imepoa, baada ya kupuliza vumbi lililozizunguka, moja baada ya moja, ili waya zisichanganyike. Nafasi ipimwe. Buji mpya izungushwe kwanza kwa vidole, ikikataa, isilazimishwe. Ikifika mwisho, ile ya milimita 14 yenye pete mpya hukazwa kwa ufunguo nusu ya mzunguko, au theluthi mbili, basi. Mwenye kukaza kwa nguvu zote huharibu nyuzi za kichwa cha injini, na kazi ya nusu saa hugeuka kuwa msiba wa mwezi mzima.

Pengine mtu atasema: motokari yangu ni nzee, ya nini kuisumbukia? Afikiri juu ya kona za Ngomo, katika njia ya kutoka Nyangezi kushuka Kamanyola. Injini ikikata nguvu pale, lori likiwa nyuma na bonde likiwa kando, abiria hawataulizwa umri wa motokari. Wamemkabidhi dereva roho zao, naye amepokea nauli yao. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; na ufa wa motokari, mara nyingi, una upana wa milimita moja tu.