KITABU CHAKO NA MLANGO WA MCHAPISHAJI

Pengine wewe, huko Salamabila, Namoya ao Kasongo mjini, uko na kaye iliyojaa habari: habari ya shimo, ya vita, ya mama aliyelea watoto peke yake. Unajiuliza: nani atachapa kitabu hiki?

Neno la kwanza la kujua ni hili. Mwenye mashini ya kuchapa, wewe unamlipa. Mchapishaji, yeye anakulipa. Anachagua kitabu, anakisahihisha, anakichapa kwa feza yake, anakiuza, kisha anakupa sehemu yako. Juu ya hiyo anachagua sana.

Kasongo inajua nguvu ya kitabu. Hamed bin Muhammed, yule tunayemwita Tippu Tip, alitawala hapa akiuza pembe na watu. Alipozeeka kule Zanzibar aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjeremani Heinrich Brode ndiye aliyemsukuma. Akageuza herufi, akatafsiri, na habari ile ikachapwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Alikufa mwaka 1905, lakini mpaka leo tunasikia mambo yale kwa kinywa chake. Na wale waliofungwa minyororo, kitabu chao kiko wapi? Asiyeandika, wengine wanasema pahali pake.

Basi, unahitaji nini?

1. Maliza kitabu. Mnunuzi wa zahabu hapimi udongo. Anapima kile kilichooshwa. Mchapishaji ni vilevile: hadithi ya nusu hataipima. Andika yote, pumzika juma mbili tatu, soma kwa sauti, safisha tena. Mpe mwalimu ao mama anayesema kweli, si rafiki wa kusifu tu.

2. Linda nakala. Mfalme Yehoyakimu alikata gombo la Yeremia kwa kisu na kulichoma. Baruku akaandika upya, na maneno mengi yakaongezwa (Yeremia 36). Usitume kaye ya pekee. Ipigishe kwa mashini, kurasa safi zenye namba, nawe ubaki na nakala moja.

3. Chagua mlango. Angalia kwanza nyumba ile inatoa vitabu gani, na kwa luga gani. Kinshasa kuna Médiaspaul ya ndugu zetu Wakatoliki, inayojulikana kwa vitabu vya Kifaransa. Kwa Kiswahili kuna Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1991. Zawadi nazo zinafungua mlango: Mohammed Ghassani alishinda ile ya Mabati-Cornell mwaka 2015 kwa mashairi, na Mkuki na Nyota wakayachapa.

4. Andika barua fupi. Ukurasa mmoja tu: wewe ni nani, kitabu kinasema nini, nani atakinunua. Tia muhtasari na sura za kwanza, sawa wanavyoomba. Kisha ngoja, miezi itapita. Wakikataa na kutoa sababu, isome bila hasira, sahihisha, piga hodi kwingine.

5. Soma mkataba kabla ya kutia sahihi. Sehemu yako ya mauzo ni ngapi? Inalipwa lini? Kitabu kikikwisha sokoni, haki inarudi kwako? Mtu akijiita mchapishaji na kukuomba dola kwanza, simama. Kulipa mashini si zambi, kama unajua kwamba ni mashini unalipa. Lakini usiuze mbuzi ya watoto juu ya kununua sifa. Zungumza kwanza na bibi yako ao bwana yako. Feza ya nyumba ni ya nyumba.

Ndugu, wazee wa Kabambare na Kasongo wanatuacha kila mwaka, na habari zao zinakwenda nao. Kaa na mmoja jioni hii, umwulize, uandike ukurasa wa kwanza. Mchapishaji hawezi kuchapa kitabu kilichobaki kichwani.