Kaa la Moto Chini ya Majivu

Ujasiri wa kutoka katika mazoea hauji kwa kusubiri woga uishe. Anayeogopa kuzungumza mbele ya watu hupata nafuu kila anapokwepa, na nafuu hiyo ndiyo inayoulea woga: ubongo hujifunza kwamba kukwepa ndiko kulikomwokoa. Woga hupungua mtu akikutana na anachokiogopa, hatua kwa hatua, na lile baya analolitarajia lisitokee. Mwaka 1924 Mary Cover Jones wa Marekani alieleza jinsi mtoto aliyemwogopa sungura alivyosogezewa mnyama huyo kidogo kidogo huku akila chakula akipendacho, mpaka akamshika.

Kwa Kiingereza badiliko hili limepewa jina lenye maana ya kuzimika, na ni rahisi kulitafsiri hivyohivyo. Lakini moto uliozimika huacha jivu baridi. "Kusahau" nalo halifai, wala "kuzika", maana kilichozikwa hakitazamiwi kurudi. Neno lililo karibu zaidi ni "kufukia", kama afanyavyo mpishi wa kuni usiku: hukusanya makaa, huyafukia kwa majivu, na alfajiri huyafukua na kuyapuliza, moto ukawaka bila kiberiti.

Makaa yenyewe, yaani woga uliojifunzwa, yamo katika amigdala, sehemu yenye umbo la lozi iliyo ndani ya kila upande wa ubongo, ambako dalili hufungamanishwa na hatari. Majivu, yaani kinachouzuia woga huo, hutoka mbele ya ubongo. Mwaka 2002 Mohammed Milad na Gregory Quirk, wakifanya utafiti Puerto Rico, walichapisha matokeo ya panya waliofundishwa kuogopa mlio uliofuatwa na shoti ya umeme. Kisha mlio ulipigwa tena na tena bila shoti. Kesho yake, mlio uliposikika, seli za eneo la huko mbele liitwalo infralimbiki zilisisimka, na panya ambao seli zao zilisisimka zaidi ndio walioganda kwa woga kwa muda mfupi zaidi. Eneo hilo huchochea seli ndogo za kuzuia zilizo kwenye amigdala, nazo humwaga GABA, kemikali inayonyamazisha seli jirani. Amri ya woga hukwama hapo kabla ya kufika kwenye shina la ubongo. Kaa bado lina moto, ila joto lake halitoki nje.

Majivu hupeperuka. Mtafiti Ivan Pavlov aliona kwamba muda ukipita tu, itikio lililokwisha kutoweka hurudi lenyewe. Mtafiti Mark Bouton naye alionyesha kwamba mahali pana uzito: jivu la jiko moja halifuniki makaa ya jiko jingine. Ndiyo maana aliyezoea kusema darasani huweza kutetemeka ukumbini. Mazoezi yanayodumu hufanywa mahali tofauti, kwa siku tofauti, na mhusika hutaja mapema baya analolitarajia, kisha hulilinganisha na lililotokea.

Hayo yanahusu woga uliozidi hatari yenyewe. Majeraha ya ukatili huhitaji mtaalamu. Kwa woga wa kawaida, kurudi kwake baada ya miezi si kushindwa. Ni kaa lililofunuka, na kwa kawaida kulifukia mara ya pili huchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza.