Mshipi Uliopima Roadster

Kilichomvuta mwandishi wa makala haya hakikuwa gari. Kilikuwa mshipi wa kuvulia samaki, ule mweupe wa nailoni, uliokazwa kutoka stendi moja ya chuma hadi nyingine, ukipita kando ya magurudumu ya gari dogo jekundu usawa wa vitovu vyake. Mwandishi alikuwa amepeleka Vitz yake kubadilisha bushi katika gereji moja ya Ilala, Dar es Salaam, akaambiwa asubiri. Kadiri alivyosubiri ndivyo mshipi ule ulivyomsumbua. Akauliza: mshipi unafanya nini gereji?

“Unavua milimita,” fundi alijibu bila kuinua kichwa.

Gari lenyewe lilikuwa Mazda Roadster ya 1999: viti viwili, paa la turubai, injini ya lita 1.6. Mwenye nalo ni kijana aliyekuja na orodha kwenye simu yake. Alitaka eksozi kubwa, chujio la hewa la wazi, springi fupi za kushusha gari, rimu za inchi 17, na mwisho, Mungu akijalia, turbo. Fedha yake ilitosha vitu viwili kati ya hivyo vitano, au kimoja na nusu kama mafundi wa rangi wangemwonjesha tamaa nyingine. Alimwomba fundi amchagulie cha kuanzia.

Fundi hakuchagua hata kimoja. Alimtuma mwanafunzi wake alete mshipi.

Ukoo wa gari hili unajulikana. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago Februari 1989, likiitwa MX-5 Miata Marekani na Roadster kwao Japani. Waliolibuni walilitazama sana gari la Kiingereza la miaka ya 1960, Lotus Elan, wakalinganisha uzito wa mbele na wa nyuma nusu kwa nusu, na wakashika msemo wa Kijapani wa jinba ittai, yaani mpanda farasi na farasi wake kuwa kitu kimoja. Aprili 2016 kiwanda kilifikisha gari la milioni 1. Hapa kwetu yapo machache. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania, ingawa mlango uko wazi zaidi, gari kuukuu hulipiwa ushuru wa ziada. Anayelileta huwa amelipenda kweli, na mara nyingi akifika nalo nyumbani mfuko umekwisha kukauka.

Turudi kwenye mshipi.

Stendi ni nne, mishipi ni miwili, mmoja kila upande wa gari. Inakazwa mpaka ukiigusa inalia kama uzi wa gambusi. Sharti la kwanza ni kwamba mishipi hiyo iende sambamba na mstari wa katikati ya gari, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea. Wao huusogeza mshipi mpaka uwe na nafasi sawa kutoka kitovu cha gurudumu la mbele na cha nyuma, wakidhani wamemaliza. Kumbe Roadster hii ni pana zaidi nyuma kuliko mbele, kwa karibu sentimita 2 na nusu kati ya tairi na tairi. Kwa hiyo kila upande mshipi lazima ukae mbali zaidi na kitovu cha mbele kwa milimita 12 na ushee. Ukizisahau hizo 12, kila kipimo kinachofuata ni uongo ulionyooka.

Halafu kazi yenyewe. Fundi anachuchumaa na rula ya chuma, anapima kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha hadi ukingo wa nyuma. Namba mbili zikitofautiana, tairi halitazami mbele. Yeye ana neno lake kwa ugonjwa huo: kengeza. “Hili lina kengeza la milimita 3,” anamwambia mwanafunzi, naye anaandika kwa chaki sakafuni, pembeni ya gurudumu. Akimaliza kengeza anapima kulala, yaani tairi limeinamia ndani au nje kiasi gani. Chombo chake ni timazi ya mwashi, ileile inayonyooshea kuta. Anaining’iniza mbele ya gurudumu na kupima nafasi kutoka uzi hadi ukingo wa juu wa rimu na ukingo wa chini. Kwa rimu ya inchi 15, anasema, tofauti ya milimita 7 hivi ni digrii 1.

Chini ya kila tairi kuna vigae viwili vya sakafu, nyuso nyororo zikitazamana, grisi katikati, ili gurudumu liweze kugeuka na kutulia bila kung’ang’ania saruji. Kwenye kiti cha dereva amekaa abiria asiyelalamika: mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya mchanga juu yake. “Gari lina tani 1,” fundi alieleza. “Dereva ana kilo 70. Ukilipima bila mtu, umepima gari la kuegesha, hukupima la kuendesha.”

Mwandishi alitaka kujua milimita moja ina uzito gani hata mtu mzima apige magoti kuitafuta. Fundi alimkabidhi chaki apige hesabu mwenyewe. Ukingo wa rimu ile una upana wa kama milimita 400 kutoka mbele hadi nyuma. Tairi likipinda milimita 1 katika hizo 400, kila kilomita linayokwenda linasuguliwa upande kwa mita 2 na nusu. Kutoka mjini hadi Bagamoyo ni kilomita 60 na ushee. Hapo tairi hilo linakuwa limeburutwa upande mita 150. Na hilo la Roadster lilikuwa na milimita 3.

“Sasa kijana ananiambia gari ni zito kuondoka, anataka turbo,” alisema fundi. “Turbo ya kuburuza tairi?”

Gari hili linamfaa mtu wa mshipi kwa sababu limejengwa kurekebishika. Kila gurudumu limeshikwa na mikono miwili, wa juu na wa chini, na kila mkono wa chini una bolti mbili za kamu, zenye sahani ambayo tundu lake halikukaa katikati. Ukiizungusha bolti, mkono wote unasogea. Zipo nane kwa jumla, mbali na ncha za usukani. Magari mengi ya mitaani hurekebishwa kengeza la mbele tu, basi, na ndiyo maana hata gereji zenye mashine za kisasa huzoea kugusa mbele na kuliacha la nyuma lilivyo. Fundi hana ugomvi na mashine. Anasema mashine nzuri ikiwa mikononi mwa mtu mwenye haraka ni sawa na mshipi uliolegea.

Siku hiyo bolti tano kati ya nane zilizunguka. Tatu zilikuwa zimeshikana kutu na chuma cha ndani ya bushi, ugonjwa wa kawaida wa Roadster kongwe. Mbili zilikubali baada ya moto na mafuta na dua. Ya tatu tutaifikia.

Wakati kutu inalainika, fundi alimpangia kijana matumizi kwa utaratibu wake, akianzia kwa visivyo na gharama. Upepo kwanza. Kibandiko cha kiwandani kinasema pauni 26. Matairi yalikuwa na 36, kwa mazoea ya vituo vya mafuta ambavyo hujaza kila gari sawa. Kisha akafungua buti na kutoa boksi la spika ya besi. Mizani ya duka la jirani ilisema kilo 20. “Injini hii ilitoka Japani na nguvu za farasi 125, gari lina kilo 1,000 na kidogo. Kila farasi anabeba kilo 8. Ukishusha hizi 20 ni kama umeongeza farasi wawili na nusu, na hukununua kitu.”

Kijana alilitazama boksi lake kwa huzuni.

Vya kununua vilifuata. Mafuta ya breki, kwa kuwa hunyonya unyevu, na Dar haina uhaba wa unyevu. Ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya huanza kuchemka kuanzia nyuzi 230, lakini yakishanywa maji kiwango kinachotakiwa hushuka hadi 155. Kanyagio likizama ghafla kwenye mteremko, eksozi haikusaidii. Kisha matairi mazuri ya kipimo kilekile cha inchi 15. Fundi alipitisha kidole kwenye tairi la mbele na kusoma tarakimu nne: 2313, wiki ya 23 ya mwaka 2013. Vishikio vilikuwa bado virefu, lakini mpira ulikuwa umekauka kama kandambili iliyosahauliwa juu ya bati. Baada ya matairi, bushi na shokapu, kwa kuwa mpira wa miaka 25 hauwezi kushika kipimo ambacho mshipi umekitafuta kutwa nzima.

Orodha ya kijana aliipitia kwa upole zaidi kuliko mwandishi alivyotarajia. Chujio la wazi linavuta hewa ya moto iliyokaa juu ya injini. Rimu za inchi 17 ni uzito uliowekwa mahali pabaya kabisa, nje ya springi, ambako kila shimo linauinua na kila breki inapambana nao. Springi fupi zinakula mwendo wa shokapu, na gari hili tangu kiwandani halina mwendo wa kuchezea. Kuna kipande cha mpira laini juu ya ufito wa shokapu kinachopokea pigo la mwisho, na gari likishushwa linakaa juu ya mpira huo siku zote. “Kwa matuta haya yetu? Utakuwa unaendesha juu ya kizuizi.” Turbo hakuikashifu. Alisema tu kwamba haiji peke yake, inakuja na ukoo wote: rejeta, klachi, nozeli, kompyuta, na fundi mwingine ambaye si yeye.

Eksozi ilibaki. Fundi alikiri inaongeza sauti, na kasi ni kidogo sana.

“Lakini Mzee,” kijana alisema, “nikifanya yote uliyosema, nitakuwa nimelirudisha tu lilivyotoka kiwandani. Hapo nimeboresha nini?”

“Mwanangu, wewe ulishaliendesha lilivyotoka kiwandani?”

Lilipotoka kiwandani kijana alikuwa hajaanza hata darasa la kwanza. Akacheka, lakini hakukubali kirahisi. Alisema anapenda kuendesha, ndiyo, ila anapenda pia watu waligeukie gari lake wanapolisikia, na hiyo nayo ni sehemu ya kuwa na gari la namna hii. Mshipi hauonekani na mtu. Fundi alifuta rula kwenye suruali yake, akaitazama eksozi ya zamani kwa muda, asijibu. Mwandishi amelirudia swali hilo mara nyingi tangu siku ile, na hana uhakika kwamba mzee alikuwa na jibu. Nani alisema furaha ya gari iishie kwenye usukani?

Saa kumi jioni mbele yote ilikuwa imekaa sawa, na nyuma kulia pia. Nyuma kushoto ndiko kulikokuwa na ile bolti ya tatu. Ilipokubali kuzunguka, fundi aliifikisha mwisho wake, akaning’iniza timazi, akapima. Tairi lilikuwa bado limelala milimita 4 zaidi ya mwenzake wa kulia, nusu digrii na kidogo, na nafasi ya kurekebisha ilikuwa imekwisha. Akaihamisha timazi, akapima tena. Nne. Akamwambia mwanafunzi apime yeye. Nne.

“Lilikuja na karatasi ya mnada?” alimuuliza kijana.

Magari ya mtumba yanayopigwa mnada Japani huwa na karatasi ya ukaguzi, na lililowahi kugongwa na kutengenezwa kwa kawaida huandikwa daraja R. Kijana alisema aliyemuuzia hakumpa karatasi yoyote, na yeye hakujua kama iliwahi kuwapo. Rangi ya ubavu huo ilikuwa safi. Safi sana, alisema mwanafunzi kwa sauti ya chini. Huenda mkono wa chini umepinda, na huo unabadilishika. Huenda ni pale mkono unaposhikiliwa, na hiyo ni habari nyingine, yenye bei nyingine. Fundi alisema hawezi kulijua hilo bila kufungua, na leo hafungui.

Kijana alilipa kazi ya siku, akaacha boksi la spika gereji, akaondoka. Usukani, alipiga simu baadaye kusema, sasa unarudi wenyewe kona ikiisha, na gari limekuwa jepesi hata hajui aeleze vipi. Kuhusu gurudumu la nyuma kushoto alisema atafikiria. Kuhusu eksozi hakusema kitu.

Vitz ya mwandishi ilikuwa imemalizika tangu mchana, bila mtu kuiulizia. Fundi alikuwa ameketi juu ya ndoo akiuzungusha mshipi kwenye kipande cha ubao, taratibu, jinsi wavuvi wanavyofanya wakirudi pwani. Mwanafunzi alianza kufagia, akaruka sehemu moja. Sakafuni, mahali lilipokuwa gurudumu la nyuma kushoto, ile 4 ya chaki ilikuwa bado ipo, na pembeni yake mtu alikuwa ameongeza alama ya kuuliza.