Mtaro Mpana Hauondoi Mafuriko

Kila masika yanapokaribia, wahandisi wa maji jijini Dar es Salaam huulizwa swali lile lile: mtaro wa mtaa fulani utapanuliwa na kusakafiwa lini ili mafuriko yakome? Swali hilo limerudiwa mno hata kosa lililomo likaanza kuheshimiwa kama elimu. Linachukulia kwamba mafuriko ni maji yaliyokosa pa kutokea, ilhali mara nyingi ni maji mengi yaliyofika mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Hesabu yenyewe haihitaji shahada. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo mvua ya milimita 50 juu ya hekta 1 huleta lita 500,000. Ardhi ya kichanga yenye nyasi huweza kunywa sehemu kubwa ya maji hayo, lakini ikishafunikwa kwa bati, lami na saruji, mgawo wa mtiririko, yaani sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama, hukaribia asilimia 90. Mtaro wa zege haupunguzi hata lita 1 kati ya hizo. Unachobadilisha ni kasi, kwa kuwa katika mteremko ule ule na kina kile kile, maji hupita juu ya zege laini kwa kasi inayoweza kufika maradufu ya ile ya mfereji wenye nyasi.

Wanaodai mtaro mpana hawaulizi kasi hiyo inaishia wapi. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, hupokea vijito vya Ubungo, Sinza na Luhanga, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Selander baada ya kupita bonde tambarare la Jangwani. Kila mtaa wa juu unapoharakisha maji yake, vilele vya mtiririko, yaani nyakati ambazo kila kijito hubeba maji mengi kuliko wakati wowote, huelekea kukutana bondeni badala ya kupishana. Maji hayo ya kasi huchimba makorongo na kubeba mchanga, na yafikapo kwenye tambarare hupoteza nguvu na kuutua, mto ukazidi kuwa na kina kifupi. Siku za bamvua mambo huwa magumu zaidi, kwani bahari, inayopanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, ikijaa huuzuia mto mlangoni, na hakuna upana wa mtaro unaoweza kuyashurutisha maji yapande mlima. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wengi wa waathirika waliishi mabondeni, yanakokusanyika maji ya kila mtu. Kwa hiyo anayesakafia mtaro bila kueleza maji yatakapopumzikia hajazuia mafuriko, bali amemtumia jirani wa chini.

Njia zinazofaa zinajulikana, nazo huanzia juu ya bonde. Paa la mita 100 za mraba katika mvua ya milimita 50 hutoa lita zipatazo 5,000, ambazo tangi la kawaida huzipokea, mradi liwe limepunguzwa maji kabla ya mvua inayofuata, kwani tangi lililojaa halizuii chochote. Penye mchanga na maji ya ardhini yaliyo mbali, shimo la kunyonyea hufaa, ila lisikaribie choo wala msingi wa nyumba. Maegesho yawekewe vitofali vinavyopitisha maji, na viwanja vya michezo vichimbwe kidogo ili vishike maji kwa saa chache kisha viyaachie polepole. Miteremko ipandwe nyasi ili mchanga ubaki mahali pake, taka zikusanywe kabla hazijafika kwenye makalvati, na ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa mto, uliowekewa ulinzi na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, uachwe wazi kwa dhati. Baada ya hayo yote mtaro ujengwe, ukubwa wake ukipimwa kwa maji yaliyobaki, na gharama za kuuzoa mchanga kila mwaka zikiwa zimetengwa kabla ya zege la kwanza kumwagwa.