Mafunjo ya Dunga na Hima ya Sayyidna Umar

Mwenyeji wa pwani hahitaji kuelezwa thamani ya mkoko. Boriti hutoka humo, kaa humo, na samaki wachanga hukulia mizizini mwake. Wenzetu wa Kisumu nao wana mkoko wao: ni mafunjo, yale matete marefu yenye vishungi yaotayo kando ya Ziwa Victoria. Kinamasi chao mashuhuri ni Dunga, kusini ya mji.

Mafunjo hufanya kazi bila ujira. Maji machafu ya mjini na ya mvua yakipita humo huacha tope na uchafu kabla ya kufika ziwani. Yasipochujwa, uchafu huo hulisha magugu maji, ambayo tangu miaka ya 1990 yamewafungia wavuvi njia mara nyingi. Kamongo hutaga humo. Yuko na ndege mwenye kifua chekundu ambaye makao yake ni mafunjo. Yakiisha, hana pa kuhamia.

Je, mahali kama hapo palindwe vipi? Serikali ina njia yake. Mwaka 1986 kisiwa cha Ndere kilifanywa hifadhi ya taifa, na mwaka 1992 pakatengwa mahali pa swala pala papo hapo Kisumu. Lakini Dunga ni chungu cha watu. Mafunjo yake husukwa mikeka na vikapu, na vijana huwatembeza wageni kwa mashua kutazama ndege. Ukiwafukuza, umewanyima riziki. Ukiacha kila mtu akate na kuchoma atakavyo, riziki yenyewe itakwisha.

Kwetu Waislamu jambo hili si geni. Mtume (S.A.W.) aliitenga Naqii, karibu na Madina, ikawa hima, yaani malisho yaliyolindwa. Sayyidna Umar (R.A.) naye alipoweka hima, alimwagiza msimamizi wake awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie matajiri. Tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba na mitende. Maskini atakuja na watoto wake kuomba hazina, na majani ni rahisi kutoa kuliko dhahabu.

Mizani hiyo yafaa Dunga pia. Msusi aingie na kisu chake, akate kwa kiasi, kisha apumzishe upande aliokata, kwani mafunjo huchipua tena yasipochomwa wala kung'olewa. Wa kuzuiwa ni mwenye kutaka kukausha kinamasi alime au ajenge. Hifadhi haipati mlinzi bora kuliko jirani anayekula kutoka humo.