Taimingi na Dizeli kwa Lori Linalopanda Kigali

"Fundi, niongezee kidogo, mlimani gari halivuti." Kila fundi wa dizeli mjini Kigali amelisikia ombi hili, na kulitimiza ni rahisi mno. Kwenye Fuso la zamani lenye injini ya 6D16, pembeni mwa pampu kuna skrubu inayoweka kikomo cha dizeli, imefungwa kwa lakiri. Kata lakiri, zungusha skrubu kidogo, dereva ataondoka akitabasamu. Kwenye lori jipya fundi anachomeka kompyuta yake, anabadilisha namba, kazi imekwisha. Baada ya hapo lori lilelile linapita Gisimenti, pale Remera, limeshusha gia, na watu waliokaa nje wakila brosheti wanafunikwa na moshi mweusi.

Msimamo wangu ni huu: lori linalohangaika kwenye vilima vya Kigali kwa kawaida halikosi dizeli. Linakosa hewa.

Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapa uko chini ya ule wa Dar es Salaam kwa takriban asilimia 17. Ubaridi wa hapa unarudisha kidogo kilichopotea, kwa kuwa hewa baridi ni nzito kuliko ya moto. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar, kwenye joto la nyuzi 30, ina uzito wa kama kilo 1.16. Ya Kigali, kwenye nyuzi 22, ni kama kilo 1. Sasa ichukue hiyo 6D16, injini ya lita 7.5 isiyo na turbo. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, ikijaa vizuri, inavuta mita za ujazo 7.5 za hewa kila dakika: kilo 8.7 ukiwa pwani, kilo 7.5 ukiwa hapa. Kilo moja ya dizeli inahitaji kama kilo 14.5 za hewa ili iungue yote, lakini ndani ya silinda mambo hayachanganyiki sawasawa, kwa hiyo moshi huanza kuonekana mapema zaidi, hewa ikishuka karibu na kilo 19 kwa kilo ya dizeli. Piga hesabu: pwani injini hiyo inaweza kuunguza kama gramu 460 za dizeli kwa dakika bila moshi mwingi, Kigali kama gramu 395. Gramu 65 za tofauti, ukizilazimisha ziingie, zitaleta masizi na joto zaidi kuliko nguvu. Ndiyo maana pampu iliyopimwa pwani, kama haina kifaa cha kufidia mwinuko, inapofika huku inatakiwa kupunguzwa. Sisi tunaiongeza.

Lori lenye turbo lina nafuu, ila nafuu hiyo ina gharama. Turbo hufidia hewa nyepesi kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na kasi yake inaweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Kompyuta ya kiwandani inasoma mgandamizo wa hewa na kupunguza dizeli yenyewe ili turbo isipitilize. Dereva anaona gari limekuwa zito, fundi anaondoa kizuizi, na ulinzi uliowekwa kwa ajili ya milima hii hii unafutwa.

Sasa taimingi, yaani wakati dizeli inapoanza kupulizwa, ambayo wengi huisahau wanapofikiria dizeli. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Joto la hewa iliyobanwa ndilo linalowasha moto. Dizeli hupulizwa kabla pistoni haijafika juu kabisa, maana haiwaki papo hapo: lazima igeuke mvuke, ichanganyike na hewa, ipate joto. Nguvu hupatikana vizuri pale msukumo wa mwako unapofika kilele kama digrii 10 hadi 15 baada ya pistoni kuanza kushuka. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, katika sehemu moja ya elfu ya sekunde krankshafti inasogea digrii 6. Kwa mizunguko 2,000, muda uleule unakula digrii 12. Kwa hiyo kadiri mwendo unavyopanda, dizeli inatakiwa ianze kupulizwa mapema zaidi. Pampu za zamani hufanya hivyo kwa vyuma vizito vinavyofunguka kwa nguvu ya mzunguko. Magari ya leo hutumia jedwali ndani ya kompyuta.

Ikichelewa, dizeli inaungua pistoni ikiwa imeshashuka, na joto linakimbilia kwenye ekzosi na turbo badala ya kusukuma gari. Utaona moshi, ulaji wa mafuta utapanda. Ikiwahi mno, mwako unaipiga pistoni ingali inapanda. Injini inagonga kwa sauti kavu, gasketi ya silinda hedi inaungua, na mwishowe konrodi inapinda. Na hapa ndipo mambo mawili yanapofungana: ukiongeza dizeli unarefusha muda wa kupuliza, mkia wake unaangukia kwenye muda wa kuchelewa. Ili kuurudisha, fundi anasogeza mwanzo uwe mapema, na msukumo ndani ya silinda unapanda. Hakuna namna ya kugusa kimoja ukaacha kingine salama. Kuwahisha taimingi hupunguza masizi, kweli, lakini huongeza oksidi za naitrojeni, gesi isiyoonekana kwa macho na inayoumiza mapafu. Gesi hiyo ndiyo iliyoitia Volkswagen kashfani Marekani mwaka 2015.

Kwenye pampu ya mstari kosa ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Fundi analegeza boliti za pampu, anaisukuma kwa mkono, anakaza. Pampu huzunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, hivyo digrii moja kwenye pampu ni mbili kwenye injini. Kwenye mduara wa boliti wenye nusu kipenyo cha milimita 60, milimita moja ya kusogea inakaribia digrii hizo mbili. Hicho ni kiasi ambacho jicho halikioni kwenye chuma chenye grisi, lakini pistoni inakisikia. Piga alama kwa msumari kabla ya kulegeza chochote.

Kuna pia visanduku vinavyochomekwa kwenye waya wa sensa ya mgandamizo wa dizeli. Kisanduku kinaiambia kompyuta kwamba mgandamizo uko chini, kompyuta inaamuru pampu iongeze, na nozeli zinapitisha dizeli zaidi kuliko kompyuta inavyojua. Sivipendi. Kompyuta iliyodanganywa haiwezi kuilinda injini, na taimingi inabaki ile ya dizeli ya awali.

Kabla ya kugusa namba yoyote, fungua chujio la hewa. Kagua mipira ya turbo yote. Ufa mdogo karibu na klipu, wenye alama nyeusi ya mafuta, unatosha kuiba nguvu. Peleka nozeli zipimwe kwenye benchi. Nathubutu kusema malori mengi yataishia hapo na kurudi barabarani yakivuta. Likibaki zito, funga kipimo cha joto kwenye ekzosi, kabla ya turbo, na cha mgandamizo wa hewa. Pakia mzigo wa kawaida, chagua mlima mmoja na gia moja, kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati: digrii moja ya taimingi, au asilimia tatu ya dizeli, basi. Rudia mlima uleule. Joto likikaribia nyuzi 700 na kukaa hapo, rudi nyuma, hata kama dereva anaona gari tamu. Kwa lori linalokwenda Mombasa kupitia Kampala hesabu ni kali zaidi, maana njia ile inapanda Timboroa, zaidi ya mita 2,500, ambako mpangilio unaofaa Kigali tayari umepitiliza.

Rwanda ina sheria ya ubora wa hewa tangu 2016, na tangu 2025 mamlaka ya mazingira, REMA, inasimamia kipimo cha moshi wa magari. Dereva aliyeongezewa dizeli hupunguziwa siku moja kabla ya kipimo, kisha huongezewa tena. Analipa mara mbili, na injini inalipa mara ya tatu. Mwenye lori adai karatasi ya benchi inayoonyesha kila silinda ilipewa dizeli kiasi gani, adai digrii za taimingi za kabla na za baada ziandikwe, na kama ni kompyuta, apewe nakala ya faili la kiwandani akae nayo mwenyewe.