Umerejeshwa kazini, na ile miezi kumi je?

Mtendaji wa kijiji aliyeajiriwa miaka ya mwanzo ya 2000 na Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, katika kijiji ambacho leo kiko Butiama, ana jalada lililosafiri kuliko yeye. Wilaya ilipomegwa, jalada nalo likahama masijala. Bunda ni vilevile: ikazaliwa Halmashauri ya Mji, majalada yakagawanywa. Ukaja uhakiki wa vyeti wa 2017, jalada likafunguliwa, likakutwa na cheti cha darasa la saba tu. Akaondolewa kazini, mshahara ukasitishwa.

Watumishi wa namna hiyo walikuwapo nchi nzima, na kosa halikuwa lao. Sharti la kuwa na elimu ya kidato cha nne lilianza Mei 20, 2004; halikuwa na haki ya kumrudia aliyetangulia kuingia kazini. Ndiyo maana Aprili 2018 Serikali, kwa kauli ya waziri wa utumishi wa wakati huo, George Mkuchika, iliagiza walioajiriwa kabla ya tarehe hiyo warejeshwe na walipwe mishahara ya muda wote waliokaa nje. Tusiwachanganye na wenye vyeti vya kughushi. Hao walichokuja kurudishiwa, tena mwaka 2022, ni michango yao wenyewe ya hifadhi ya jamii, basi.

Neno lenyewe ni "kurejeshwa". Anayeajiriwa upya anaanza kuhesabu moja. Anayerejeshwa huhesabiwa kama hakutoka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imelishika neno hilo hivyo hivyo: mfanyakazi arudi kuanzia siku aliyoachishwa, bila kupoteza ujira. Mwajiri akikataa kumpokea, amlipe mishahara ya miezi 12 juu ya ile iliyokwisha kulimbikizwa. Njia za kudai ndizo zinazotofautiana. Wa kiwanda cha samaki pale Musoma hupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu aachishwe. Mtumishi wa halmashauri hukata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 45. Wapo wenye haki kamili walioangushwa na kalenda.

Sasa hesabu. Tuseme mtendaji wetu alikuwa na mshahara wa shilingi 400,000 na alikaa nje miezi 10. Anadai 4,000,000, na akilipwa hizo anaona yamekwisha. Hayajaisha. Kila mwezi mtumishi anachangia mfuko wa pensheni asilimia 5 ya mshahara, mwajiri asilimia 15. Fungu la mwajiri kwa miezi hiyo ni shilingi 600,000, ambazo hazipiti mkononi mwa mtumishi, kwa hiyo hata zisipopelekwa hazimuumi leo.

Zitamuuma akistaafu. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi 180. Aliyeanza kazi Januari 2004 akafikisha miaka 60 mwishoni mwa Juni 2019 ana miezi 186. Toa ile 10, anabaki na 176, na pensheni ya kila mwezi imempita kwa miezi minne. Kibaya zaidi, pengo lenyewe liko palepale kwenye mpito: mfuko wa watumishi wa serikali za mitaa, LAPF, uliunganishwa na mingine kuwa PSSSF Agosti 2018. Kumbukumbu zikihama mfuko na jalada likiwa limehama halmashauri, mwezi mmoja kupotea si ajabu.

Kwa hiyo, wewe uliyerejeshwa, usingoje barua ya kustaafu. Nenda PSSSF, omba taarifa ya michango yako, weka kidole kwenye 2017 na 2018. Ukikuta mwezi mtupu, mwandikie mkurugenzi wa halmashauri inayoshika jalada lako sasa, ambatisha barua ya ajira, ya kuondolewa na ya kurejeshwa. Nakala yako igongwe muhuri wa masijala, urudi nayo nyumbani.